Ile Sehemu ya Vidio Niliyoikata

Kama ulianza kunifuata mwaka huu, pengine ni kwa sababu ya ile vidio ya boti nyekundu. Sekunde 41. Boti ya rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, injini inalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, inakata kona mbele ya ukuta wa mawe huku maji yameinuka nyuma yake kama mkia wa jogoo. Halafu picha inaruka. Kinachofuata ni mimi, niko ukingoni nimeinua boti juu kama kombe, maji yanachuruzika, nacheka.

Msee mmoja aliuliza kwenye komenti: "Sasa hiyo boti si ilizima katikati? Ilirudi aje?" Nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka. Watu wanne tu ndio waliolaiki swali lake, na vidio ikaenda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kupost. Leo namjibu. Jibu ni refu, tafuta mahali ukae.

Maoni yangu nayaweka mbele ndio usiseme nimekuzungusha: sisi tunaopost boti za injini tunadanganya watu. Spidi ni ya ukweli, hapo hatudanganyi. Boti za mashindano huko Marekani hupita kilomita 100 kwa saa na hakuna mtu anayeshangaa. Uongo wetu uko kwenye ile sehemu tunayokata. Boti ikishazima, nani anaenda kuichukua, na anaichukua aje?

Fikiria. Gari la rimoti likizima, unatembea unaliokota. Ndege ikizima itashuka tu, hata kama ni kwa pua. Boti ya injini ikizima inabaki ilipozimia, mita 40 kutoka kwako, juu ya maji ambayo hujui kina chake. Nyingi hazina klachi wala rivasi. Injini ikiwaka, propela inazunguka. Injini ikizima, umebaki na kipande cha mbao chenye rangi nzuri.

Wacha nieleze hii kitu yenyewe kwanza, kwa sababu wengi wenu mnadhani ni ile michezo ya betri ya kwenye rafu za supamaketi. Injini yangu ina ujazo wa sentimita 3.5 za ujazo. Ukiikunja ngumi, inafichika. Lakini inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na haina plagi ya cheche kama pikipiki. Ina plagi yenye waya mwembamba wa platinamu. Ukitaka kuiwasha unaupasha ule waya moto kwa betri ndogo ya volti moja na nusu, unazungusha injini, na ikishashika unatoa betri. Kuanzia hapo methanoli yenyewe, ikigusana na platinamu, ndiyo inayoufanya waya uendelee kuwaka. Mara ya kwanza nilipoelewa hiyo nilimwamsha mathe usiku nimweleze. Aliniambia nilale.

Tunaziita boti za nitro kwa sababu mafuta yake huwa na nitromethani. Ni methanoli, mafuta ya kulainisha na nitromethani, na wanaoshindana huweka nitro asilimia 30, 40, wengine hadi 60. Mimi nitromethani sikuipata. Ni kitu cha kuwaka, haisafirishwi kama viatu. Basi nikatumia mchanganyiko wa wazee wa zamani: sehemu 80 za methanoli na sehemu 20 za mafuta ya nyonyo, jamii ya yale dada yangu anapaka nywele, ila yaliyosafishwa vizuri. Huo mchanganyiko hutumika hadi leo kwenye mashindano ya dunia ya ndege za modeli. Kwa hivyo boti yangu ya nitro haina nitro hata tone. Semeni mtakavyo.

Methanoli nayo, tafadhali. Hii ndiyo iliyoua makumi ya watu Embu, Kitui na kaunti nyingine Mei 2014 ilipoingia kwenye pombe, na wengine walibaki vipofu. Haina rangi. Ukiiweka kwenye chupa ya soda, hakuna mtu nyumbani atakayejua tofauti. Yangu inakaa kwa mkebe wa chuma, imeandikwa SUMU pande zote mbili, na haiingii nyumbani, inalala karakana ya mjomba iliyofungwa kwa kufuli. Halafu ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani vizuri. Mwaka 1981, kwenye mbio za Indianapolis 500, dereva Rick Mears alishika moto wakati gari lake linajazwa mafuta, na waliokuwa kando hawakuona mwali wowote. Aliungua uso. Huyo alikuwa amezungukwa na wataalamu. Wewe uko na beshte yako na ndoo.

Sasa ujenzi. Hapa ningeweza kuandika hadi kesho.

Watu wa pwani wana maneno ya kila kiungo cha chombo, na mimi mtoto wa Eastlands nilikuwa siyajui hata moja. Uti wa chini unaitwa mkuku. Mbavu ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na pale chini ndani ambapo maji hujikusanya ni ngama. Nilitumia plaiwudi ya milimita 3, nikakata mataruma saba, nikayasimamisha juu ya mkuku kwa gundi ya epoksi, nikafunika na plaiwudi tena, halafu nikapitisha kitambaa cha faiba na rizini chini kote. Ukikosea hapo kwa milimita mbili, boti itakuambia ikiwa mbioni, si ikiwa mezani. Yangu ya kwanza mkuku ulipinda kidogo, yaani kidogo hata hukuoni. Ikawa inaenda kushoto yenyewe kama ng'ombe aliyejua njia ya nyumbani. Niliivunja nikachukua injini, nikaanza upya.

Shafti, bomba lake na ile mikono ya usukani tulitengeneza Kariobangi Light, kwa fundi ambaye kawaida anachonga vyuma vya mashine za posho. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Nilipomwonyesha mchoro aliuliza swali moja tu: "Na ikiingia maji?" Nikamwambia haitaingia. Akacheka akaendelea na kazi.

Propela iliagizwa nje, ya chuma, na inakuja butu. Unainoa mwenyewe na kuisawazisha hadi isielemee upande wowote. Ikielemea, mtetemo utafungua kila nati kwenye boti. Maji ya kupoza injini hayahitaji pampu: mrija mdogo nyuma unayachota boti ikikimbia, yanapita kwenye kichwa cha injini, yanatoka pembeni kama mtoto anakojoa. Ukiona hicho kijimkondo, uko sawa. Kikikatika, rudi haraka.

Rangi ilinifundisha adabu. Nilinunua makopo mawili ya spreyi, nikapaka jioni, asubuhi ikawa inang'aa hadi majirani wakaja kupiga picha. Siku ya kwanza ya kuwasha injini, matone matatu ya mafuta yakaanguka juu yake. Dakika kumi baadaye rangi ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Methanoli na nitro hula rangi za kawaida. Nikapiga msasa yote. Nikaenda Kirinyaga Road, nikaeleza shida yangu, nikauziwa rangi ya magari ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha, pamoja na vanishi yake ya juu. Hiyo ndiyo inavumilia. Lakini ile dawa ya kuigandisha ina moshi mbaya kwa mapafu, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, kwa hivyo nilimlipa fundi wa spreyi aliye na vifaa. Sioni aibu. Usiponunua barakoa ya ukweli, lipa aliye nayo.

Juu nyekundu. Chini njano kali. Watu walidhani ni mapambo, lakini njano ni ya kuniambia boti imepinduka. Ukiwa mbali na jua linakupiga usoni, utashangaa jinsi boti iliyosimama na iliyopinduka zinavyofanana.

Majaribio ya kwanza ni kwa karai. Unaiweka majini bila kuwasha, unaangalia kama inavuja na kama imekaa sawa. Uzito wake ukutane karibu thuluthi ya urefu kutoka tezi. Ukiuleta mbele sana itachimba maji, ukiupeleka nyuma sana itaruka ijigeuze. Rimoti nayo unaipanga ili ikipoteza mawasiliano, kabureta ijifunge. Hiyo nilifanya. Kitu ambacho sikufanya vizuri ni maboya ya ndani. Nilitia vipande viwili vya povu kwa ngama nikaona inatosha, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupiga vidio.

Tukafika pale timboni.

Ni kwari ya zamani nje ya Nairobi, sitaitaja. Walichimba mawe wakaondoka, mvua ikajaza. Maji ya kijani, kuta zimekatwa wima, na upande mmoja tu ndio una mteremko wa kushukia. Tulikuwa wawili, mimi na beshte yangu. Mimi na rimoti, yeye na simu. Raundi tatu za kwanza zilikuwa poa kabisa, tukizungusha upande wa kulia kama wanavyofanya kwenye mashindano. Mlio ulikuwa mzito kidogo na moshi mwingi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa injini ikiwa mpya. Mafuta yakizidi kidogo, injini inabaki na ulainisho na haichemki.

Lakini mlio mzito hausikiki vizuri kwenye simu. Nikaileta ukingoni, nikakaza sindano ya mafuta robo mzunguko ndio ilie kali. Ikalia tamu. Hizo ndizo sekunde mlizosikia. Injini iliyokazwa ikiwa mkononi haina mzigo. Ikiingia majini inaomba mafuta zaidi na hayapo. Kona ya pili ikachemka, ikazima, katikati kabisa, na nikaona njano. Imepinduka na inakaa chini kuliko ilivyotakiwa.

Beshte yangu alisema, "Acha niilete, ni hapo tu." Anaogelea vizuri. Anaogelea vizuri kwenye swimingi puli. Nilikuwa na sekunde kama tano za kusema hapana. Nilichosema ni, "Lete simu basi, nikurekodi."

Alienda sawa. Akaishika. Kurudi ndiko kulikoharibika. Maji ya timbo juu yana joto la jua, lakini ukiteremsha mguu nusu mita ni barafu. Akashikwa na mkakamao wa misuli ya paja, na alikuwa ameshika boti kwa mkono mmoja kwa sababu alijua nimeijenga miezi minne. Hakuiachilia. Kichwa kikaingia, kikatoka, kikaingia. Mimi niliendelea kurekodi kwa muda. Nimeangalia ile faili: sekunde tisa. Nilidhani anacheza.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuwa upande wa mteremko akichota maji ya kumwagilia sukuma wiki. Hakuruka majini. Alikuwa na mtungi wa lita 20 uliofungwa kamba ya kuchotea. Akaufunga kifuniko ukiwa mtupu, akaurusha, akapiga kelele: "Kijana, achilia hiyo kitu! Shika mtungi!" Mara ya pili ukafika. Beshte yangu akaukumbatia, tukamvuta. Boti ilikuja yenyewe baadaye, ikisukumwa na upepo hadi kwenye mteremko. Dakika ishirini. Ingekuja hata kama hakuna mtu aliyeifuata.

Nilimwambia mzee, "Asante sana, mzee wangu." Hakujibu hilo. Aliuliza, "Hiyo ni pesa ngapi?" Nikamtajia. Akatazama boti, akamtazama beshte yangu anayetapika maji, akachukua mtungi wake. "Hili timbo limeshachukua watoto wawili wa hapa," akasema. "Mmoja alifuata mpira." Akarudi kwa sukuma yake.

Jioni hiyo hiyo, wasee, nikaketi nikakata vidio. Nikatoa yote hayo, nikabakisha mlio mtamu na mimi na boti juu kama kombe. Beshte yangu aliiona ikiwa tayari mtandaoni. Hakusema kitu. Alinitumia tu ule mkono wa dole gumba, na tukakaa wiki tatu bila kuonana.

Kilichonifanya niandike ni ujumbe ulioingia mwezi uliopita. Kijana wa miaka 14, amejijengea boti ya betri kwa chupa na mota ya feni, kazi safi kuliko yangu ya kwanza. Anauliza ile kwari iko wapi, ndio na yeye apige vidio kama yangu. Mwisho akaandika: "Na usijali, naogelea poa."

Najua mtakachosema. Kwamba kila mchezo una hatari, na kwamba nikianza kuweka maonyo kwa kila vidio hakuna mtu atatazama. Mwingine ataniambia hii ni hobi ya watu wenye doh, mtoto wa mtaa hataifikia, basi hakuna wa kuonywa. Hilo la mwisho ndilo linaniudhi zaidi. Mwenye doh ana bwawa la klabu, ana mashua ya uokozi imefungwa pembeni, na kwenye mashindano yaliyopangwa vizuri kuna watu ambao kazi yao ni kwenda kuchukua boti zilizokufa. Mtoto wa mtaa ana timbo. Yeye ndiye anayeishia kuogelea, na ndiye anayetazama vidio zetu bila mtu wa kumwambia tulichokata.

Na sidai tuache. Mimi siachi. Watu wameniambia nihamie betri, na kusema ukweli kwa anayeanza betri ni bora: hakuna methanoli, hakuna kelele za kugombana na majirani, na mara nyingi inabaki na nguvu kidogo ya kujikokota hadi nyumbani. Anza na hiyo. Lakini betri nayo inaweza kuzima, magugu yanashika propela yoyote, na boti yoyote inaweza kupinduka. Swali la kuirudisha liko pale pale.

Sasa hivi siwashi injini kabla kifaa cha kurudishia hakijakuwa tayari ukingoni. Nina fimbo ya kuvulia samaki, mshipi wenye nguvu, na mpira wa tenisi uliotobolewa ukafungwa mwishoni. Unaurusha upite boti, halafu unaukokota polepole hadi mshipi uilalie boti na kuivuta. Unafanyia mazoezi nyasini kwanza, maana mara kumi za mwanzo utapiga kila kitu isipokuwa ulichokusudia. Mkiwa wawili na maji ni membamba, kamba ndefu yenye chupa tupu katikati, kila mmoja upande wake, inafanya kazi hiyo hiyo. Ikishindikana yote, unakaa chini unangoja upepo. Nimejaza ngama yote povu la malapa ya zamani niliyookota, hadi boti ikijaa maji kabisa bado inaelea. Na mtungi mtupu wenye kamba uko karibu, wa mtu, si wa boti.

Ile vidio ya sekunde 41 nimeitoa. Nimeweka nzima, pamoja na zile sekunde tisa. Nilimwomba beshte yangu ruhusa kwanza, tukaongea hadi saa saba usiku. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiweke muziki.

Yule kijana wa miaka 14 nilimjibu. Kwari sikumwelekeza. Nilimtumia picha ya fimbo na mpira, na akauliza kama mpira wa karatasi za nailoni utafanya kazi badala ya wa tenisi. Sikuwa najua. Jumamosi tulienda kujaribu, mimi na beshte yangu, bwawa dogo la maji ya kunyweshea mifugo lisilofika kiunoni, na mwenye bwawa ametupa ruhusa. Mpira wa nailoni ni mwepesi, upepo unaubeba, lakini ukitia kijiwe ndani unaenda. Boti ilizima raundi ya sita. Beshte yangu alihesabu nikirusha: mara 18 nikakosa. Ya 19 ikashika.